Mitaa ya Kariakoo Usiku: Mlo, Dansi na Utamaduni wa Taifa

Utamaduni wa taifa unapotajwa mbele ya wanafunzi, mawazo ya wengi hukimbilia vijijini. Huonekana ngoma zikichezwa chini ya mwembe, wazee wakisimulia ngano kando ya moto, na mafundi wakichonga vinyago. Hatuna ugomvi na mawazo hayo, kwani hazina hiyo ni yetu na yastahili kutunzwa. Lakini mji nao una utamaduni wake, na mtu akiuacha nje ya hesabu atakuwa amelielewa taifa nusu tu. Katika makala haya tunakusudia kuitazama mitaa ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, hasa ile iliyo baina ya viwanja vya Mnazi Mmoja na Mtaa wa Msimbazi, na kueleza jinsi mlo wa jioni na dansi la usiku vilivyosaidia kuwafanya watu wa makabila mengi kuwa watu wa nchi moja. Hoja yetu ni kwamba kazi hiyo ilianza kabla hatujawa na wizara ya utamaduni, nayo ilifanywa na watu ambao majina yao hayakuandikwa mahali popote: wapishi, wauza kahawa, wapiga magitaa na wenye nyumba za vyumba sita.

Mahali na jina lake

Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, na mwaka 1891 Wajerumani wakaifanya makao makuu ya koloni lao. Tangu hapo mji uligawanywa kwa rangi za watu. Wazungu walikaa upande wa pwani penye upepo mzuri, mahali palipoitwa Uzunguni. Wahindi wakakaa katikati penye maduka, Uhindini. Na Waafrika wakasukumwa nyuma, Uswahilini. Karibu na mwisho wa utawala wao Wajerumani walipima viwanja kwa mistari iliyonyooka nyuma ya Mnazi Mmoja ili Waafrika wahamishiwe huko, na wakajenga jengo kubwa la soko. Vita Kuu ya Kwanza ikaanza mwaka 1914 kabla jengo hilo halijafanya kazi iliyokusudiwa.

Waingereza waliuteka mji mwezi Septemba 1916. Walikuja na kikosi kikubwa cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, nao wapagazi wakapangwa kukaa katika eneo lile la soko. Watu wa mjini walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Yafaa wanafunzi wakumbuke jambo hili kila wanapopita pale. Wapagazi hao walikokotwa kutoka pande zote za Afrika ya Mashariki kubeba risasi na vyakula vya vita visivyowahusu, na makumi ya maelfu wakafa, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu wala si kwa risasi. Mwaka 1927 ilisimamishwa mjini sanamu ya Askari kuwa ukumbusho wa vita hiyo. Lakini ukumbusho unaotajwa kila siku na kila mtu, pasipo sherehe wala mashada ya maua, ni jina la Kariakoo. Mahali palipopewa jina la watu waliokufa kwa njaa pakaja kuwa ndipo jiji zima linapokwenda kutafuta chakula.

Katika miaka ya 1920 jengo lile la Wajerumani lilitumika kuwa soko, na mitaa ikajaa. Majina ya mitaa yenyewe ni somo la historia: Nyamwezi, Sukuma, Kongo, Swahili, Pemba, Mafia, Lindi. Mtu aliyetoka Tabora au Kilwa au ng'ambo ya Ziwa Tanganyika aliweza kusoma ukutani kwamba hayuko peke yake. Kisha kuna majina mengine, kama vile Mchikichi, Mkunguni na Sikukuu, yanayotukumbusha miti na furaha ya mahali hapo.

Nyumba, baraza na mlo

Ili kuelewa kwa nini Kariakoo ilikuwa na chakula kingi njiani, hatuna budi kuitazama nyumba yake. Nyumba ya Kiswahili ya mjini ilikuwa na ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, ua nyuma wenye jiko na choo, na mbele, kuelekea njiani, baraza. Mwenye nyumba alikaa katika chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki akavipangisha. Wapangaji wengi walikuwa vijana wa kiume waliokuja kutafuta kazi bandarini, reli, au katika nyumba za Wazungu. Kijana kama huyo alikuwa na kitanda na sanduku tu. Hakuwa na sufuria, wala mke, wala nafasi ya kutosha jikoni uani, ambako wapangaji sita waligombea mafiga. Kumnunulia mlo mwanamke aliyekuwa akikaanga barazani kulikuwa rahisi kuliko kununua mkaa, mafuta na unga kwa ajili ya tumbo moja.

Hivyo baraza, ambayo hapo kale ilikuwa mahali pa kupokea wageni na kuzungumza, ikawa pia mahali pa biashara. Jua likizama, majiko ya mkaa yaliwashwa mbele ya nyumba na vibatari vikawekwa juu ya meza ndogo. Hapa palikaangwa samaki na mihogo, pale mishikaki ikageuzwa juu ya makaa, na mbele kidogo palikuwa na chapati, sambusa na supu ya moto. Asubuhi ilikuwa zamu ya maandazi, uji na vitumbua.

Tukichukue kitumbua kuwa mfano, maana kazi yake ni ndefu kuliko anavyodhani mlaji. Mchele hulowekwa kutwa au usiku kucha, kisha hutwangwa au husagwa mpaka ulainike. Hutiwa tui la nazi, sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke. Ndipo humiminwa katika chuma chenye vishimo, mafuta kidogo kila kishimo, na mpishi hugeuza kimoja kimoja kwa kijiti kabla upande wa chini haujaungua. Mwanamke anayetaka kuuza vitumbua alfajiri lazima alale saa chache mno. Mchele wake umetoka bara au bondeni Rufiji, nazi imetoka mwambao, iliki imevuka bahari au imetoka milima ya Usambara. Basi, katika kitumbua kimoja mnakutana nchi na bahari, na mlaji huyameza yote kwa senti chache akikimbilia kazini.

Meza za Kariakoo zilikuwa hivyo hivyo. Pilau, biriani, sambusa na chapati vililetwa na mahusiano ya karne nyingi baina ya pwani yetu na nchi za Bahari ya Hindi. Ugali ulikuja na watu wa bara. Wachaga na Wahaya walileta mapishi yao ya ndizi. Mtu alianza kwa kula alichokizoea, kisha akaonja cha jirani, na baada ya miaka michache akakiita chake. Hakuna aliyetoa amri kwamba Msukuma ale vitumbua au Mzaramo ale mtori. Njaa ya jioni na harufu ya jiko vilitosha.

Kahawa inataka maneno yake peke yake. Muuza kahawa alibeba dele la shaba lenye mdomo mrefu, chini yake makaa ya moto, na mkononi vikombe vidogo ambavyo alivigonganisha ili watu wajue amefika. Kahawa ilikuwa chungu, haina sukari, na wanywaji waliikata ukali kwa kashata za njugu au nazi. Waliokaa kuinywa hawakuwa wanakunywa tu. Walijadili mchezo wa bao, bei za mazao, habari za magazeti yaliyosomwa kwa sauti na mwenye kujua kusoma, na baadaye mambo ya mpira, maana klabu ya Young Africans iliyoanzishwa mwaka 1935 na ile iliyoanzishwa mwaka 1936, ambayo tangu 1971 huitwa Simba, zote mbili ni watoto wa mitaa hii. Lugha ya vikao hivyo ilikuwa Kiswahili, na kilinolewa hapo kwa mizaha, mafumbo na utani kuliko katika darasa lolote la wakati ule.

Mwezi wa Ramadhani mpango huo uligeuka. Mchana ulikuwa kimya, na magharibi ikiadhiniwa kila baraza ilitandikwa mkeka. Futari ya mihogo, viazi, maharagwe na tambi iliwekwa katikati, na mpita njia alikaribishwa, awe Mwislamu au asiwe. Wengi waliokuja mjini wakiwa wageni walianza kuitwa ndugu katika mikeka hiyo.

Kutoka beni mpaka dansi

Baada ya mlo watu walitaka kucheza. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, katika miji ya pwani ya Kenya, ilizuka ngoma ya beni, ambamo wachezaji waliiga tarumbeta, magwaride na vyeo vya majeshi ya Wazungu. Vita ya 1914 hadi 1918 iliieneza bara na pwani. Makundi yake mashuhuri yalikuwa Marini na Arinoti, nayo yalishindana kwa mavazi, kwa nyimbo na hata kwa karamu, maana kundi lililowashinda wenzake kwa kulisha wageni lilihesabiwa limeshinda kweli. Tunaona hapa kwamba mlo na ngoma havikutengana tangu zamani.

Wakoloni waliitazama ngoma ya mjini kwa mashaka. Kanuni za miji ziliwataka watu wapate kibali kabla ya kupiga ngoma, na pombe za kienyeji ziliruhusiwa kuuzwa katika vilabu vilivyopangwa tu, huku vinywaji vikali vya Kizungu vikikatazwa kwa Waafrika mpaka katika miaka ya 1950. Sababu iliyotolewa ilikuwa utulivu. Lakini mtawala anayehofu watu kukusanyika usiku anajua kwamba wakikusanyika hawatacheza tu.

Katika miaka ya 1930 vijana waliosoma na wenye kazi za kalamu waliiacha beni wakaanzisha vilabu vya dansi. Walivaa suti, wakacheza wawili wawili, mwanamume na mwanamke, kwa mitindo ya Ulaya, na baadaye kwa rumba iliyojifunzwa katika santuri zilizotoka Kuba. Bendi ya Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932. Baadaye zikaja Kilwa Jazz mwaka 1958, iliyoongozwa na Ahmed Kipande, na Western Jazz mwaka 1959, iliyoongozwa na Iddi Nhende. Majina ya bendi hizi yanaeleza jinsi zilivyoundwa. Watu waliotoka Kilwa walikuwa na bendi yao, na waliotoka Jimbo la Magharibi yao, kama vile walivyokuwa na vyama vya kuzikana na kusaidiana. Lakini tofauti na chama cha kuzikana, bendi ilipanga milango yake wazi: mwenye kiingilio aliingia, kabila lisiulizwe. Tena wimbo ulioimbwa kwa lugha ya nyumbani ungewafurahisha wachache na kuwafukuza wengi. Kwa hiyo biashara yenyewe ya dansi iliwalazimisha watunzi watunge kwa Kiswahili, na mashairi yao, yenye mawaidha, malalamiko ya mapenzi na maombolezo, yakachukua mbinu nyingi kutoka kwa washairi wa mwambao. Wapenzi wa taarabu nao walikuwa na vilabu vyao mjini, Egyptian na Al-Watan, na si ajabu kwamba msikilizaji mmoja alikwenda huku Jumamosi na kule Jumapili.

Jiko na ngoma katika kudai uhuru

Wanafunzi wetu wanafundishwa kwamba TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba ya chama iliyokuwa Mtaa wa New Street, ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo. Mara chache hufundishwa nani aliyekipeleka chama hicho kutoka katika nyumba ile mpaka katika nyumba za wananchi.

Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alikabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, naye aliijua njia ya mkato. Hakwenda kwanza kwa waliosoma, ambao wengi waliogopa kupoteza kazi za serikali. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, na kupitia kwao akawapata wanawake kwa maelfu katika muda wa miezi michache. Wengi wa wanawake hao walikuwa wapishi wa maandazi, wauza samaki na watengenezaji wa pombe. Hawakuwa na mwajiri wa kuwafukuza. Walikuwa na fedha zao, ingawa kidogo, na walionana na mamia ya watu kila siku mbele ya majiko yao. Mwanamke wa namna hiyo alikuwa na nafasi ya kueneza habari ambayo karani hakuwa nayo.

Na wanaume wa sokoni hawakukaa nyuma. Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki katika soko la Kariakoo, alisaidia chama kwa mali yake, na Mtaa wa Tandamti ukapewa jina lake baadaye. Kwa hiyo tunaposema kwamba uhuru wa Tanganyika ulipatikana bila kumwaga damu, tuongeze kwamba ulipatikana kwa jasho la watu wa sokoni na wa majikoni, na kwa nguvu za vikundi ambavyo mkoloni aliviona kuwa vya starehe tu.

Sikinde na Msondo

Tarehe 10 Desemba 1962, alipohutubia akiwa Rais wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba vijana wengi waliosoma walijua kucheza dansi za Ulaya na huku hawajui ngoma za babu zao. Maneno yale yalikuwa ya haki. Yaliwagusa hasa watu wa kumbi za dansi, na kwa miaka mingi waliokuwa wakisimamia utamaduni walilitazama dansi kama mtoto wa kambo.

Basi tuone dansi lenyewe lilifanya nini. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake. Mashirika na vyombo vingine vya umma vikafuata, wanamuziki wakawa wafanyakazi wa mishahara, na Radio Tanzania ikarekodi nyimbo zao na kuzipeleka mpaka vijijini. Kila bendi ilijitafutia mtindo wake. Western Jazz walikuwa na Saboso. Bendi ya NUTA, ambayo mwaka 1978 ikawa ya JUWATA na mwaka 1991 ya OTTU, ikajulikana kwa mtindo wa Msondo. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, ambayo mwaka 1983 ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na mtindo wake ukawa Sikinde. Shirika hilo lilikuwa na kumbi kadhaa jijini, mmojawapo DDC Kariakoo.

Sasa tuyatazame majina hayo mawili. Msondo ni ngoma ndefu inayopigwa katika unyago. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa nchi hii ambayo Dar es Salaam imejengwa juu yake. Wanamuziki waliovaa suruali za mtindo na kushika magitaa ya umeme walikwenda wenyewe kuchukua ngoma za jadi, mapigo na majina yake, wakazileta katikati ya mji, na watu wa makabila yote wakazicheza. Muhidin Maalim Gurumo, aliyeimba katika NUTA na kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park, alifariki mwaka 2014 akiwa amelilea dansi hilo kwa zaidi ya miaka hamsini. Wengine walikuja kutoka Kongo, kama vile bendi ya Maquis iliyotoka Lubumbashi, na Remmy Ongala, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978, akaimba kwa Kiswahili juu ya shida za watu wa chini, na akafia hapa mwaka 2010 akiwa mmoja wetu. Swali alilouliza Mwalimu mwaka 1962 lilijibiwa katika kumbi zile zile zilizoshukiwa, na jibu lilikuwa jema.

Mkono wa sheria na mwiko wa mpishi

Mpishi wa njiani hakubahatika kupata shirika la kumlea. Sisi tuliokuwa watoto au vijana katika miaka ya 1980 hatujasahau foleni za sukari na sabuni baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wala unga wa njano ulioletwa kwa msaada, ambao watu waliuita unga wa Yanga kwa ajili ya rangi ya jezi za klabu hiyo. Mishahara ilipopoteza nguvu, mke wa mfanyakazi alitoka barazani na sufuria. Mafundi, makuli na makarani walimzunguka saa za mchana, kila mmoja akinyoosha sahani na kusema, "Mama, nitilie." Kutoka hapo likazaliwa jina la mama ntilie, ambalo baadaye liligeuzwa likawa mama lishe ili kumpa heshima zaidi.

Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya nguvu kazi, iliyokusudia kila mtu mwenye uwezo afanye kazi halali. Nia ya kupiga vita uvivu ilikuwa njema. Lakini katika utekelezaji, wengi waliokuwa wakifanya kazi toka alfajiri mpaka usiku walihesabiwa kuwa wazururaji kwa sababu kazi yao haikuwa na ofisi. Tangu wakati huo sheria na jiko la mtaani vimekuwa kama watu wawili wanaokaa nyumba moja bila kuzoeana. Mwaka 2018 wafanyabiashara wadogo walipewa vitambulisho vya kuwalinda. Mwaka 2021 waliamriwa kuondoka kando ya barabara na kupangiwa maeneo mengine. Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa kufanya biashara Kariakoo kwa saa 24. Hatusemi hayo kwa kulaumu, kwani kupanga mji ni wajibu wa serikali, na barabara isiyopitika haimsaidii hata muuzaji. Tunasema ili ionekane kwamba usiku wa Kariakoo, ambao mkoloni aliutaka kibali, sasa unatafutwa kwa makusudi. Ni haki basi kwamba wale walioushikilia usiku huo kwa miaka mia moja, wakati ambapo haukutakiwa, wasiwe wa mwisho kufikiriwa sasa unapotakiwa.

Mabadiliko tunayoyaona

Soko lenyewe lilijengwa upya katika miaka ya 1970 kwa mchoro wa Beda Amuli, msanifu wa majengo wa Kitanzania, nalo likafunguliwa rasmi na Mwalimu Nyerere mwaka 1975. Paa zake ziliumbwa kama miavuli mikubwa, mfano wa miti ambayo chini yake watu wetu walikuwa wakifanyia soko tangu zamani, na maji ya mvua yakakusanywa kutoka juu yake. Moto uliliunguza mwezi Julai 2021, na kazi ya kulirudisha ikafanywa. Tangu 2016 mabasi yaendayo haraka hupita katika Mtaa wa Msimbazi mpaka Gerezani.

Lakini badiliko kubwa kuliko yote ni la nyumba. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 na kuendelea, thamani ya viwanja ilipanda sana. Nyumba za vyumba sita zimebomolewa moja baada ya nyingine, na mahali pake pamesimama maghorofa yenye maduka chini na maghala juu. Wenyeji wengi wameuza na kuhamia pembeni mwa jiji, na bendi zimewafuata katika kumbi za Kinondoni, Sinza na kwingineko. Mwezi Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya ishirini, msiba uliotukumbusha kwamba mji unaojengwa kwa pupa huwadai watu wake. Ghorofa halina baraza. Mama lishe yupo bado, na mishikaki na chipsi mayai huuzwa usiku, lakini mlaji husimama akala upesi akaondoka. Mahali pa kukaa, ambapo kijana mgeni alijifunza utani, lugha na adabu za mji, panapungua mwaka hadi mwaka.

Wajibu wa walimu na wanafunzi

Mahali pakibomolewa, kumbukumbu hubaki kwa watu, nao watu hawadumu. Kwa hiyo tunawaomba walimu wa historia na wa Kiswahili wasingoje vitabu. Wawatume wanafunzi kwa wazee waliowahi kukaa katika nyumba za vyumba sita, wawaulize nani alikuwa mpangaji wa chumba kipi na alitoka wapi. Wawaulize wanamuziki wa zamani ni ngoma ipi ya kwao waliyoigeuza kuwa mtindo wa dansi. Waandike mapishi pamoja na majina ya vyombo: chuma cha vitumbua, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, dele. Na kazi hii si ya Dar es Salaam pekee. Tanga, Mwanza, Tabora, Kigoma na Ujiji, Ng'ambo ya Unguja, kila mji una mtaa wake ambao watu huuendea jioni.

Tena wamwendee mama lishe aliye karibu na shule yao, wamsalimu kwa heshima, wamwulize kazi alijifunza kwa nani na huamka saa ngapi. Katika daftari zao waliandike jina lake kwa ukamilifu, jina la baba na la babu. Wapagazi waliolipa mahali hapa jina lake hawakuandikwa hivyo, na leo hatuwezi kuwasoma.